Je, wajua kwa nini chemshabongo moja ya programu hutoa majibu tofauti katika lugha tofauti za kuandikia programu?

Chemshabongo yenyewe ni fupi. Andika programu inayopokea saa kama inavyoandikwa kwenye tiketi, kuanzia 0 hadi 23, kisha iitaje kama tunavyoitaja Dar es Salaam. Boti ya Zanzibar iliyoandikwa 07:00 inaondoka saa moja asubuhi. Ndege iliyoandikwa 15:00 inaruka saa tisa alasiri. Kichwani tunatoa sita au tunaongeza sita bila hata kufikiri. Anayejifunza programu huifupisha hivi: toa 6, gawanya kwa 12, chukua baki.

Wape kazi hiyo marafiki watatu. Mmoja aandike kwa Python, mwingine kwa Java, wa tatu kwa JavaScript, halafu wote wajaribu ndege ya 03:00. Tatu kutoa sita ni hasi tatu. Python inasema 9, yaani saa tisa usiku, na ni sahihi. Java na JavaScript zinasema hasi 3. Hesabu ni ileile, alama ya kutafutia baki ni ileile (%), na hakuna kati yao aliyekosea kuandika.

Tofauti inaanzia kwenye kugawanya. Kanuni tuliyofundishwa shuleni ni kwamba jibu ukilizidisha kwa kigawanyo na kuongeza baki, lazima urudi kwenye namba uliyoanza nayo. Hasi 3 ukiigawanya kwa 12 unapata hasi robo. Lakini hapa tunataka namba kamili, kwa hiyo ile hasi robo ama ipande hadi 0, ama ishuke hadi hasi 1. Ikipanda hadi 0, baki ni hasi 3. Ikishuka hadi hasi 1, baki ni 9, maana hasi 12 ukijumlisha 9 unarudi kwenye hasi 3. Njia zote mbili zinatimiza kanuni ya shuleni. Kwa kuwa kanuni haichagui, inabidi achague aliyeiunda lugha.

Na uchaguzi huo una historia ndefu. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilikata sehemu inayobaki na kuelekea sifuri. Lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa muda mrefu iliiachia mashine iamue yenyewe namba zikiwa hasi. Mpaka kiwango chake cha mwaka 1999 ndipo ikakubaliwa rasmi kwamba itakata kuelekea sifuri, kama Fortran. Java na JavaScript, zote za mwaka 1995, nazo zikashika njia hiyo. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa Python mwaka 1991, akachagua kushuka chini.

Mwaka 2010 alieleza sababu yake, na ninaipenda kwa kuwa mfano aliotoa unahusu saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Siku moja ina sekunde 86,400, hivyo ukigawanya kwa 86,400 na kuchukua baki, unajua ni wakati gani wa siku. Shida ni matukio ya kabla ya 1970, ambayo sekunde zake ni hasi.

Chukua uhuru wa Tanganyika. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 hapa Dar es Salaam, kwa kompyuta, ni sekunde 254,458,800 chini ya sifuri. Tafuta baki kwa Python: 75,600, yaani 21:00 ya tarehe 8 huko Greenwich, ambako wako nyuma yetu kwa saa tatu. Sahihi kabisa. Tafuta kwa Java: hasi 10,800, yaani hasi saa tatu. Hakuna saa ya namna hiyo ukutani kwa mtu yeyote. Kwa sababu kama hizi, mwaka 2014 Java 8 iliongezewa njia nyingine ya kutafuta baki, Math.floorMod, inayoshuka chini kama Python.

Kuhusu chemshabongo yetu, iko kanuni inayofanya kazi kwa lugha zote: ongeza 5 kwanza, gawanya kwa 12, chukua baki, kisha ongeza 1. Namba haifiki hasi hata mara moja. Pia inatibu kasoro ambayo wengi hawaioni mapema, kwamba 06:00 kwa njia ya kutoa sita inatoka saa sifuri badala ya saa kumi na mbili.

Baki siyo mahali pekee lugha zinapoachana. Jaribu hii nyingine: hesabu herufi za ujumbe. "Kariakoo" ni 8 kila mahali. Sasa weka emoji ya bendera ya Tanzania peke yake uulize urefu wake. Lugha iitwayo Go inasema 8. Java na JavaScript zinasema 4. Python inasema 2. Nyingine, Swift, inasema 1. Hakuna hata moja inayodanganya. Emoji ya bendera imeundwa kwa alama mbili, moja ya T na nyingine ya Z, na kwenye skrini zinachorwa pamoja kama bendera. Python inahesabu alama hizo. Go inahesabu baiti, yaani vipande vidogo vya kumbukumbu ya kompyuta, na kila alama inachukua baiti nne. Swift inahesabu kile ambacho jicho la mtu linakiona. Java na JavaScript zilizaliwa wakati Unicode, mpango wa kuipa kila herufi duniani namba yake, ulikuwa bado unaamini kwamba nafasi 65,536 zingetosha. Mwaka 1996 mpango huo ulipanuliwa, na alama zilizowekwa nje ya nafasi za mwanzo, ikiwemo kila moja kati ya hizi mbili, huhesabiwa mbili katika lugha hizo.

Ukiiambia Python igeuze bendera hiyo nyuma mbele, unapata Z na T. Hakuna nchi yenye alama ZT, kwa hiyo bendera inapotea.

Hii ndiyo sababu napenda kuona chemshabongo ndogo zikifanywa na marafiki wanaotumia lugha tofauti, na siyo darasa zima kwa lugha moja. Mwenye Python peke yake angepata saa tisa usiku, akafunga kompyuta, asijue kwamba kuna aliyeamua jibu liwe hivyo. Advent of Code, chemshabongo za kila Desemba alizoanzisha Eric Wastl mwaka 2015, zimejengwa kwa namna inayoruhusu hilo: unapewa data, unarudisha jibu tu, na haulizwi umetumia lugha gani. Vijana walio Kijitonyama, Mbagala au Kigamboni wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa maswali waliyoyatunga wenyewe, mradi mwishoni wafunguliane misimbo na kuulizana.

Wanaotaka la kuanzia, wazidishe namba zote kutoka 1 hadi 20, halafu kutoka 1 hadi 21, kwa Python na kwa Java wakitumia aina ya namba iitwayo long. Hadi 20 zitakubaliana: 2,432,902,008,176,640,000. Kwenye 21, Python itatoa 51,090,942,171,709,440,000. Java itatoa namba hasi, kwa sababu long ina biti 64 tu, yaani nafasi 64 za 0 au 1, na kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807, wakati Python huiongezea namba nafasi kadiri inavyokua.