Azimio 1441 na Utata wa Makusudi katika Lugha ya Diplomasia

Tarehe 8 Novemba 2002 wajumbe wote 15 wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Syria ikiwemo, walipiga kura kuunga mkono Azimio 1441 lililoitaka Iraq iwaruhusu wakaguzi wa silaha kufanya kazi yao bila vikwazo. Haikupita miezi mitano kabla ya mataifa yaliyopiga kura pamoja kuanza kushutumiana waziwazi, huku kila upande ukilinukuu azimio lile lile.

Wananchi wengi hudhani kwamba hati ya kimataifa inapokuwa na utata ni kwa sababu waandishi wake walizembea. Mara nyingi kinyume chake ndicho cha kweli. Azimio hili lilijadiliwa kwa takriban wiki nane, neno kwa neno, na utata uliobaki ndani yake uliachwa kwa sababu bila huo kura zisingepatikana. Marekani na Uingereza zilitaka maneno yatakayofungua mlango wa vita. Ufaransa, Urusi na China zilitaka uamuzi wa vita urudi kwanza mezani pa Baraza.

Tazama jinsi jambo hilo lilivyoandikwa. Aya ya 4 inasema kwamba Iraq ikitoa taarifa za uongo na kukataa ushirikiano itakuwa imevunja zaidi wajibu wake, na kwamba suala hilo litafikishwa kwa Baraza ili litathminiwe. Aya ya 12 inasema Baraza litakutana mara moja "kuzingatia" hali hiyo. Haisemi kwamba litaamua. Aya ya 13 nayo inakumbusha tu kwamba Iraq imekwisha kuonywa mara nyingi kuhusu "madhara makubwa", bila kutaja ni madhara gani, nani atayatekeleza, wala lini. Linganisha na Azimio 678 la tarehe 29 Novemba 1990, lililoidhinisha matumizi ya "njia zote zinazohitajika" kuiondoa Iraq nchini Kuwait, kauli ambayo kila mwanadiplomasia aliielewa kuwa ni ruhusa ya kutumia nguvu za kijeshi. Kauli hiyo waandishi wa 2002 waliijua vizuri, na hawakuiweka.

Siku ile ile ya kura, balozi wa Marekani, John Negroponte, alilihakikishia Baraza kwamba azimio halina mtego uliofichwa wala halianzishi vita lenyewe. Katika hotuba hiyo hiyo aliongeza kwamba Baraza lisipochukua hatua thabiti, azimio haliizuii nchi yoyote kujilinda. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngozi ilikuwa imekatwa pana makusudi ili kila mmoja apate pa kushika.

Gharama ilijitokeza mapema London. Tarehe 7 Machi 2003 Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Lord Goldsmith, alimwandikia Waziri Mkuu Tony Blair kwamba maneno ya azimio hayako wazi, na kwamba njia iliyo salama zaidi kisheria ni kupata azimio la pili la kuidhinisha vita, ingawa hoja ya kutolihitaji nayo inaweza kujengwa. Siku kumi baadaye alilieleza Bunge, bila mashaka yale, kwamba idhini ipo. Siku hiyo hiyo rasimu ya azimio la pili iliondolewa, baada ya Angola, Cameroon na Guinea, zilizokuwa wajumbe wa Baraza wakati huo, kubembelezwa na pande zote mbili. Tarehe 20 Machi vita vikaanza, na silaha za maangamizi ambazo Iraq ilidaiwa kuwa nazo hazikupatikana.

Si haki kusema kwamba kila kauli tata huleta maafa. Katika Taarifa ya Shanghai ya 1972, Marekani ilieleza kwamba inatambua msimamo wa Wachina wa pande zote mbili za mlango-bahari wa Taiwan kuwa China ni moja, na kwamba haiupingi. Kauli hiyo iliwezesha mahusiano kuanza, na pande zote zilifaidika kwa kutoulizana zaidi. Kwa Iraq hali ilikuwa nyingine: majeshi yalikuwa yanakusanyika Kuwait na saa ilikuwa inahesabiwa, kwa hiyo swali lililoahirishwa lingejibiwa na yule mwenye askari, kabla ya yeyote mwenye kura.

Somo hilo liliingia katika uandishi wa maazimio yaliyofuata. Baraza liliposhughulikia mpango wa nyuklia wa Iran mwaka 2006, Urusi na China hazikukubali tena kuacha mwanya kama ule. Azimio 1737 la Desemba mwaka huo liliegemezwa kwenye Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayohusu hatua zisizo za kijeshi, na likaandika bayana kwamba hatua nyingine zozote zikihitajika, utatakiwa uamuzi mwingine wa Baraza.