Flashi ya kamera inaunguza nyuso, usikimbilie kununua lenzi

Naulizwa sana mbona picha za usiku uso unatoka umeungua, yaani mweupe kupita kiasi, nyuma giza totoro, na wengi washaamua shida ni lenzi, wako njiani kwenda tao kununua ingine. Ngoja kwanza.

Hiyo flashi ndogo inayofunguka juu ya kamera nguvu yake ni kidogo sana. Nyingi zina "guide number" (namba ya nguvu ya flashi) kama 12 kwa mita kwa ISO 100 (ISO ni jinsi kamera inavyohisi mwanga), sasa hiyo gawanya na apacha (ile namba ya f, tundu la lenzi linalopitisha mwanga), ukiwa f/5.6 unapata mita 2 na kitu hivi, hapo ndio mwisho wake. Na wewe uko nyuma ya tenti kwa ruracio (sherehe ya mahari) huko Kasarani unampiga mzee aliye mita 8, si utapata tu visogo vya watu wa mbele viking'aa! Pandisha ISO hadi 400 umbali unakuwa mara mbili, mita 4 na kitu. Mimi usiku ISO 100 siigusi. Na ukipiga kikundi wapange kwa mstari mmoja, kwa sababu aliye mbali mara mbili anapata robo tu ya mwanga wa yule wa mbele.

Kuungua sasa. Kabla ya picha kamera inarusha mwako mdogo wa kupima, inaangalia mwanga uliorudi, halafu inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Haijui huyu ni bibi harusi. Gauni jeupe likijaa fremu inapunguza flashi, gauni linatoka kama limefuliwa na maji ya mto, kwa hivyo ongeza +0.7 au +1. Bwana harusi naye, suti nyeusi na nyuma ni usiku, kamera inamwaga mwanga wote na uso ndio unaumia, shusha -0.7, hata -1. Tumia ile batani yenye alama ya radi na +/-, si ile +/- ya kawaida.

Shata (muda kamera inabaki wazi kupokea mwanga) haibadilishi flashi, mwako ni wa haraka mno, inabadilisha taa za ukumbi. 1/200 ya sekunde nyuma nyeusi, 1/30 balbu zinaonekana vizuri, lakini waambie watulie bana.

Na ukiona kivuli cha duara chini ya picha, toa hudi ya lenzi, ile kofia ya plastiki iliyo mbele ya lenzi, ndiyo inaziba flashi.