Lupasi: Jeni za Kurithi na Mishipa ya Damu Inayoumia

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ni kama watoto wao nao wataugua. Huwajibu kwamba kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua, si ugonjwa wenyewe, kwa maana hata pacha wanaofanana hawaugui wote wawili kila mara. Maeneo ya kijenetiki yanayohusishwa na lupasi yamepita 100, na mengi huongeza hatari kidogo tu. Lakini mtu aliyezaliwa bila protini ya C1q, ambayo husaidia kuondoa mabaki ya seli zilizokufa, karibu hakosi kuugua, na aghalabu huanza akiwa mtoto. Hali hiyo ni adimu mno, ila imetufunza mengi: mabaki yasipoondolewa, DNA iliyomo hubaki wazi, na kinga ya mwili huanza kuitengenezea kingamwili, yaani protini za kushambulia, kana kwamba ni adui.

Kingamwili hizo zikishikamana na DNA hubebwa na damu hadi kunasa kwenye mishipa myembamba, hasa ya figo. Ninapotazama kipande cha figo kwa hadubini, kuta za kapilari ambazo zilipaswa kuwa laini na nyembamba huonekana zimenenepa na kukakamaa kama waya uliopindwa. Hapo jeni huingia tena kwa njia nyingine. Aina mbili za jeni ya APOL1, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa ya Magharibi, husaidia kumkinga mtu na baadhi ya vimelea vya malale; lakini aliyerithi aina hizo kutoka kwa baba na mama, akipata lupasi ya figo, figo zake huweza kufeli mapema zaidi.

Mishipa mikubwa nayo haisalimiki, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu husahaulika. Baadhi ya wagonjwa wana kingamwili dhidi ya fosfolipidi, yaani mafuta ya kuta za seli, na kingamwili hizo hugandisha damu ndani ya vena au ateri na kusababisha kiharusi au kuharibika kwa mimba. Jeni ya STAT4 imehusishwa na hatari hiyo. Tena, uvimbe wa muda mrefu na wingi wa interferoni, protini zinazoamsha kinga ya mwili, hudhoofisha utando wa ndani wa ateri na kuzuia ukarabati wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walipata mshtuko wa moyo takriban mara 50 zaidi ya wenzao wasio na ugonjwa huo.

Kwa hiyo mwanamke kijana mwenye lupasi anayelalamika kifua kumbana asirudishwe nyumbani kwa kuwa tu ni kijana. Apimwe moyo siku hiyo hiyo. Mimi hupima shinikizo la damu na protini ya mkojo kila anapokuja mgonjwa, hata akisema hajambo, kwa sababu figo huharibika kimya kimya kwa miezi mingi kabla miguu haijavimba.