Kruza na spoti: vile tunaambianaga na vile mambo yako

Kila nikisimamisha piki yangu pale steji ya Section 58 Nakuru lazima mtu aniulize kama hiyo kitu inakimbia kweli, ju ni kruza, ile piki ya chini yenye siti ya kukaa wima, si spoti ile ya kuinamia tangi, na watu wameshikilia ati kruza ni ya mzee ametulia na spoti ni ya kijana anataka kufika Kisumu kabla chai ipoe. Hii ya mwendo ndio dhana inaniuma kuliko zote, ju inafanya mtu anunue piki haimfai kabisa.

Chukua Honda Rebel 500 na Honda CBR500R. Ya kwanza ni kruza, ya pili ina sura ya spoti. Injini ni ile ile ya silinda mbili, cc 471, na uzito zote zinacheza karibu kilo 190. Sasa tofauti iko wapi? Iko kwa vile unakaa, na nguvu inakuja saa ngapi. Siti ya Rebel iko milimita 690 kutoka chini, ya CBR ni 785. Kwa Rebel unakaa wima na injini imesetiwa ivute mapema ikiwa bado haijapiga kelele, kwa CBR unainamia tangi kidogo na utamu unaupata ukiizungusha sana. Kwa yale matuta ya Salgaa mwenye Rebel anafungua mafuta kidogo tu na inaondoka, hahangaiki na gia.

Na wale husema kruza zote ni goigoi, Triumph Rocket 3 ina cc 2458 na mvuto wa zaidi ya Nm 220 (Nm ni kipimo cha mvuto), karibu mara mbili ya Yamaha R1 ya spoti. Yamaha R6 nayo, spoti ya cc 599, nguvu yake yote inatoka ikifika mizunguko 14,500 kwa dakika. Hapo Kondele, Kisumu, jioni, magari yamefungana, utaifikisha huko saa ngapi? Utakaa tu hapo joto la injini likikuchoma mapaja.

Ati kruza ndio starehe ya safari ndefu. Nusu ni kweli. Kama pa kukanyagia ni mbele kabisa, uzito wako wote unaangukia kiuno na matako, ukiona shimo miguu haiwezi kukuinua, na kama haina kioo cha mbele kifua kinakula upepo wote, na ukipita Mau Summit kuelekea Londiani asubuhi ile baridi utaijua. Spoti inaumiza vifundo vya mikono ukiwa mjini, hiyo sibishi, lakini ukishika mwendo barabara kuu upepo unakusukuma kifua unakubebea uzito na mikono inapumzika. Alafu tangi: Rebel lita 11.2, CBR lita 17.1, kwa hivyo Rebel utaisimamisha kwa petroli mapema.

Kruza haikati kona? Inakata vizuri sana, shida ni iko chini, kwa hivyo ukiilaza sana chuma ya kukanyagia inagusa lami. Yangu ilisugua nikiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi na moyo ukaruka, tangu hiyo siku napunguza mwendo kabla ya kona, sio katikati.

Breki sasa, na hapa tafadhali mnisikize. Wengi wetu tulijifunzia Boxer, ile piki ya bodaboda, tukazoea kukanyaga breki ya nyuma peke yake. Kwa kruza ndefu yenye uzito mwingi nyuma hiyo breki inasaidia kiasi, ndio mtu anadhani inatosha, alafu anahamia spoti. Huko ukibana kwa nguvu uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, ukikanyaga linajifunga na kuteleza. Kwa zote mbili kazi kubwa ni ya breki ya mbele, unaibana ukiongeza polepole bila kuishtua, na piki ikiwa wima, haijalala upande. Tafuta uwanja mtupu ufanye hivyo mara ishirini na piki mpya kabla uipeleke barabarani.