Kupasha na kupoza nyumba kwa jua bila mashine: maana yake

Kupasha au kupoza nyumba kwa jua bila mashine, jambo ambalo wasanifu majengo hulifupisha kwa kuliita pasivu, ni kulipanga jengo lenyewe lifanye kazi ya hita na feni. Dirisha hupokea jua, sakafu na ukuta huhifadhi joto, upenu hukinga, matundu huendesha hewa. Hakuna paneli, betri wala pampu. Sola ya umeme ni habari nyingine kabisa.

Jambo la kufuatilia ni saa ambayo joto linafika chumbani. Chukua ukuta wa tofali za saruji wa inchi 6 unaotazama magharibi, Dar es Salaam. Jua linaupiga kuanzia saa 8 mchana na kuuchoma zaidi kwenye saa 10. Joto halipenyi papo hapo. Huhitaji kama saa 4 au 5 kuvuka unene huo. Kwa hiyo linatokea upande wa ndani saa 2 au 3 usiku, wakati watu wanajiandaa kulala. Mwenye chumba atalaumu feni, ilhali anacholala nacho ni jua la jioni. Ukuta huohuo ukiwa Mbeya mwezi wa Julai, kuchelewa huko ndiko kunakotafutwa.

Tuanze na huko kwenye baridi. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinasema madirisha makubwa yatazame kusini. Fundi wa Njombe au Mbeya akifuata ushauri huo atajenga jokofu. Sisi tulio kusini ya ikweta, jua la kipupwe liko kaskazini. Mtu asiyeamini na achomeke fimbo ya mita 1 kwenye kiwanja chake Mbeya mwishoni mwa Juni, asubiri jua lifike juu kabisa. Huko hufika karibu saa 7 kasorobo mchana, si saa 6 kamili, kwa sababu saa zetu hufuata mstari wa longitudo ulio mbali mashariki. Kivuli kitalala kuelekea kusini, urefu wa kama sentimita 63. Arudie Desemba: kivuli kitakuwa na sentimita 26 tu, na kitaelekea kaskazini. Maana yake dirisha la kaskazini hupata jua la mchana wakati wa baridi, na wakati wa joto jua la mchana huhamia upande wa pili wa paa. Hiyo ni zawadi ya kijiografia, na ramani nyingi za nyumba haziitumii. Huweka sebule itazame barabara, popote barabara ilipo.

Upenu ndio unaoharibu hesabu hapa. Saa ya jua la juu mwezi Juni, Mbeya, upenu uliotokeza sentimita 60 hushusha kivuli kama sentimita 95 ukutani. Dirisha la kimo cha sentimita 120 likianza pale pale chini ya upenu, litabakiwa na sentimita 25 za jua. Likianza sentimita 60 chini ya upenu, kivuli kitakula 35 tu na kuacha 85. Usikate upenu, maana mvua za Machi na Aprili zitakula plasta. Shusha lenta ya dirisha, yaani boriti iliyo juu yake.

Ukubwa wa kuanzia nao ni huu: kioo cha kaskazini kiwe kati ya asilimia 7 na 12 ya eneo la sakafu. Chumba cha mita za mraba 12 kinatosheka na kioo cha mita ya mraba 1 hivi hadi 1 na nusu. Ukizidisha bila kuwa na kitu kizito cha kupokea joto, chumba kinachemka saa 8 mchana na kuganda saa 10 alfajiri. Kitu kizito chenyewe mara nyingi tayari kipo: sakafu ya zege ya sentimita 10, iliyopakwa rangi nyekundu au nyeusi, mahali miale inapoangukia. Kosa la kawaida ni kuifunika kwa kapeti. Kapeti linapata joto upesi na kulirudisha hewani mara moja, na zege chini yake halipati kitu. Kosa jingine ni pazia zito linalofungwa mchana kutwa ili kochi lisipauke. Pazia lifunguliwe asubuhi na lifungwe jua likizama, wala si kinyume chake.

Maji yanahifadhi joto kuliko zege, karibu mara mbili kwa ujazo uleule. Pipa la lita 200 lililopakwa rangi nyeusi nyuma ya kioo, likipanda nyuzi 10, limebeba joto sawa na uniti 2.3 za LUKU, na litaliachia polepole usiku. Ubaya wake ni kutu, na kilo 200 zinazohitaji sakafu imara.

Kabla ya yote hayo, ziba juu. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto kuliko dirisha linavyoweza kuleta. Usiku usio na mawingu bati hutoa joto kuelekea angani hadi linakuwa la baridi kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri linadondosha matone ndani. Weka dari, ziba mwanya kati ya dari na ukuta, kisha weka juu yake kitu chepesi chenye hewa ndani yake. Sufi ya kioo ni nzuri ila ina bei. Pumba za mpunga zilizofungwa kwenye mifuko hufanya kazi, lakini hushika moto na panya huzipenda, kwa hiyo zikae mbali na nyaya na taa.

Kuna aina ya ukuta uliobuniwa mahsusi kwa kazi hii, nao huitwa ukuta wa Trombe, kwa jina la Félix Trombe, mhandisi Mfaransa aliyejenga nao nyumba pamoja na msanifu Jacques Michel huko Odeillo, milima ya Pyrenees, mwaka 1967. Wazo ni la zamani zaidi: Edward Morse wa Marekani alikuwa na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, tangu 1881. Ni ukuta wa zege au tofali za kuchoma wa sentimita 25 hadi 30, uliopakwa rangi nyeusi nje, na mbele yake kioo kikiacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10. Joto huchukua kama saa 8 kuvuka, kwa hiyo jua la mchana linafika kitandani usiku. Ukutani huwekwa matundu chini na juu ili hewa ya kwenye nafasi ile ikipata moto ipande na kuingia chumbani mchana.

Matundu hayo ndiyo yanayowaangusha wengi. Usiku hewa iliyo nyuma ya kioo hupoa, huwa nzito, hushuka na kuingia kwa tundu la chini huku ikivuta hewa ya moto ya chumba kupitia tundu la juu. Mfumo mzima unageuka kuwa wa kupoza. Dawa ni kipande cha nailoni nyepesi kilichoning'inizwa kwenye wavu wa tundu la juu, upande wa chumbani: hewa ikitoka nyuma ya kioo hukisukuma kifunguke, ikitaka kurudi hukibana kwenye wavu. Kikipinda kutokana na jua, kibadilishwe.

Pwani kanuni zinabadilika. Ukuta mzito husaidia pale ambapo usiku unapoa vya kutosha kuutoa joto, kama tofauti ya nyuzi 10 au zaidi kati ya mchana na usiku. Dar, Tanga na Mombasa hazifiki hapo siku nyingi. Mtu atauliza, mbona nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, zina kuta nene na ndani kuna ubaridi? Angalia vichochoro vyake: ni vyembamba kiasi kwamba nyumba zinatiliana kivuli. Ukuta wa mawe na chokaa ambao jua haliufikii hauna joto la kurudisha usiku. Ukiujenga ukuta huo uwanjani Kigamboni, peke yake, bila mti, utapata tanuri.

Kwa hiyo pwani anza na kivuli. Upande wa mashariki na magharibi upenu hausaidii sana. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, sentimita 60 za upenu hutia kivuli sentimita 35 tu. Kibaraza cha mita 1.8 kinashusha kivuli zaidi ya mita 1, na mwarobaini unamalizia. Weka stoo, choo na ngazi magharibi, vyumba vya kulala vipate pepo: kaskazi, inayovuma miezi ya joto, hutoka kaskazini mashariki, na kusi hutoka kusini mashariki. Hewa itaingia tu ikiwa ina pa kutokea, hivyo kila chumba kiwe na uwazi pande mbili, hata kama wa pili ni matofali ya matundu juu ya mlango.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma lenye mita 1.5 kwa 1.2 lina mita za mraba 1.8 kwenye ramani, lakini hufunguka nusu, na wavu wa mbu wenye vumbi hupunguza tena. La kufunguka kwa bawaba linapitisha karibu maradufu.

Paa la bati la rangi iliyokoza huvuka nyuzi 60 mchana, na dari chini yake huangaza joto hilo vichwani mwa watu. Acha matundu yenye nyavu chini ya upenu na mengine karibu na kilele, ili hewa ya darini itoke. Karatasi ya aluminiamu inayong'aa, ile inayowekwa chini ya bati, inahitaji nafasi wazi ya angalau sentimita 2. Ikigusana na bati hupitisha joto kama kifuniko cha sufuria, na pesa yako imekwenda.