Amegonga kichwa, picha ni safi, mbona hajarudi alivyokuwa?

Mume wangu alianguka na bodaboda miezi minane iliyopita. CT, ile picha ya kichwa ya eksirei, haikuonyesha kitu. Tangu hapo analala mchana kutwa, hamu ya tendo la ndoa imekwisha, na ndevu alizonyoa kila siku sasa zinamaliza wiki. Nyumbani wanasema ni uvivu.

Tafadhali msimwite mvivu kabla tezi yake ya pituitari haijapimwa. Ina ukubwa wa punje ya njegere, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, na inaning'inia kwa kikonyo chembamba kama embe. Mishipa inayolisha sehemu ya mbele ya tezi hupita humo. Kichwa kikigonga lami, ubongo huyumba ndani ya fuvu, kikonyo huvutwa, mishipa huumia, na sehemu ya tezi inaweza kufa kwa kukosa damu. Kwa kuwa pituitari ndiyo inayoziamuru, kwa homoni zake, thairoidi (tezi ya shingoni), adrenali (tezi zilizo juu ya figo), korodani na ovari, mwanamume huishiwa nguvu, na mwanamke huweza kuona hedhi imekatika. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta upungufu wa homoni za pituitari kwa zaidi ya robo ya waliopimwa baada ya jeraha la ubongo.

Kwa nini CT haikuona?

CT ilifanya kazi yake. Siku ya ajali daktari anatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na CT hujibu kwa dakika chache. Kuiona pituitari vizuri kunataka MRI, picha ya sumaku, ya vipande vyembamba vinavyoilenga tezi yenyewe, mara nyingi pamoja na sindano ya gadolini, dawa inayofanya tezi ionekane vizuri zaidi kwenye picha. Ombeni fomu iandikwe "pituitari", isiishie "ubongo". Daktari wa radiolojia ataangalia kama kuna damu ndani ya tezi, kama kikonyo kimekatika, au kama tezi imesinyaa hadi kishimo kikaonekana kitupu.

MRI nayo ikiwa safi, tumemaliza?

Hapana, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Tezi inaweza kuonekana nzima na isitoe homoni. Picha huonyesha umbo. Kazi hupimwa kwa damu. Kortisoli, homoni ya adrenali, ipimwe asubuhi, kama saa 2. TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi, isipimwe peke yake, kwani pituitari ikiumia TSH inaweza kusoma kawaida huku T4, homoni ya thairoidi yenyewe, iko chini. Testosteroni, homoni ya kiume, ipimwe pamoja na LH na FSH, homoni za pituitari zinazoziamuru korodani. Fedha zikitosha kimoja tu kati ya MRI na damu, mimi ningeanza na damu.

Mwanangu naye, tangu agonge kichwa, anamaliza jagi la maji usiku na mkojo wake mweupe kama maji. Sukari ni ya kawaida.

Huenda homoni inayozuia mkojo imepungua. Mpelekeni leo akapimwe sodiamu, na msimnyime maji. Dawa ipo, inaitwa desmopresini.

Matibabu ni yapi?

Homoni iliyopungua hurudishwa kwa vidonge, sindano au jeli. Baadhi ya tezi hupona ndani ya mwaka wa kwanza, ndiyo maana vipimo hurudiwa. Kortisoli ikiwa chini, itibiwe kwanza kabla ya thairoidi. Anayemeza haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kortisoli, asiiache ghafla hata siku moja. Akitapika vidonge, akipata homa kali au akizirai, ni dharura: awahishwe hospitali akachomwe sindano ya haidrokotisoni, na anayempeleka aseme mlangoni kabisa kwamba mgonjwa ana tatizo la pituitari.