Mtoto Anayesomea Nyumbani Amenyamaza? Mlete Mapema

Maswali haya kuhusu sonona kwa watoto huulizwa na wazazi waliohamia Mbeya kutoka Malawi, Zambia na Kongo. Yalizidi shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu, hadi mwisho wa Juni. Mpaka leo watoto wanaosomea nyumbani wanaletwa kwetu manesi wakiwa wamechelewa.

Nesi, sonona ni nini?
Ni ugonjwa. Huzuni, au kukosa raha ya jambo lolote, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, hadi kula, kulala na kusoma kunavurugika. Kwa mtoto mara nyingi hujitokeza kama hasira, au tumbo na kichwa kuuma kila ifikapo saa ya masomo, na malaria ukipima haipo.

Mbona inawapata watoto wetu wageni?
Ameacha bibi, marafiki na lugha yake kwa mpigo. Somo linakuja kwa Kiswahili cha vitabuni, nyumbani mnaongea Kichewa. Darasani angemnong'oneza mwenzake, "Hilo neno maana yake nini?" Chumbani hana wa kumuuliza. Halafu mnamfanya mkalimani kwa mwenye nyumba, anabeba habari za kodi mnayodaiwa. Huo si mzigo wa mtoto wa miaka 11. Mtafuteni mtu mzima.

Si atazoea tu?
Ugeni atauzoea. Sonona haizoeleki. Wengi wanaletwa baada ya miezi, fimbo zimeshapita, mganga ameshalipwa, mtoto amekonda hadi sketi imebanwa kwa pini. Kuomba ombeni, hakuna anayewazuia, ila mleteni kwanza. Na fimbo acheni kabisa, haijawahi kutibu sonona.

Amesema "bora nife". Nikimuuliza, si nitamtia wazo?
Hapana. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani, linampa nafasi ya kusema. Narudia kwa sababu wazazi wananyamaza kwa hofu hii: muulize. Akikubali, mlete siku hiyohiyo, usimwache peke yake hata kidogo. Dawa ya kupulizia viazi na nyanya, ambayo wengi mnaificha uvunguni isiibiwe, ifungie kwa kufuli leo, ufunguo akae nao mtu mzima.

Hatuna vibali vya kuishi nchini, tunaogopa hospitali.
Najua, na hofu hiyo inawachelewesha watoto. Mimi kazi yangu ni kutibu. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ikibidi utapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Pia kuna namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure.

Nyumbani tufanye nini?
Aamke na kulala kwa saa zilezile. Somo likiisha atoke nje acheze na wenzake, hata baridi ya Juni ikiwepo, avae sweta. Usiku simu ilale kwenu. Jioni mkae naye jikoni akimenya viazi, muongee kwa lugha yenu, na habari za alama msizitaje.

Alikuwa kimya wiki nyingi, leo ghafla ametulia, anamgawia mdogo wake viatu na madaftari. Amepona?
Hapana, hapana. Hiyo ni dalili ya hatari kubwa. Mlete sasa hivi, hata kama ni usiku.